Beringi ya Mbele

Ndani ya bati la maziwa, chini ya misumari iliyopinda,
nimeikuta: nusu-duara, nyepesi kama kaka la yai,
upande mmoja umelika mpaka shaba inachungulia.
Kikaratasi kimeikumbatia, mwandiko wa babu, penseli:
"Silinda ya kwanza. Ya tatu mwaka huu."

Ndewirwa, fundi wa gereji ya Gulamali, Moshi,
enzi gari lilipotambulika kwa kikohozi chake
kabla halijakunja kona.
Lori lilishuka Kibosho na magunia ya kahawa, likinong'ona.
Lilipopanda na mabati na chumvi, liligonga:
ko, ko, ko,
kama mtu aliyesahau ufunguo
anayebisha kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Dereva Mwinyipembe akasema limetupiwa jicho.
Gulamali akasema vumbi; na kweli, vumbi la kiangazi ni msasa,
lingeweza kuingia hata ndani ya nazi nzima.
Wakabadilisha oili. Wakanunua ya bei.
Beringi ya mbele ikafa vilevile, wenzake wa nyuma wazima.

Usiku ule babu alimimina oili kwenye sinia la bibi,
akaliinua upande mmoja kwa tofali, akachutama, akatazama.
(Sinia likanuka hadi Krismasi; nyama ikaliwa juu ya majani ya mgomba,
na bibi hakumsemesha mpaka mibuni ilipochanua.)

Maana injini ile haikuwa na pampu. Ilikuwa na vijiko tu,
kimoja chini ya kila pistoni, vikichota na kurusha,
kuchota na kurusha, mlo wa kunyunyiziwa.
Barabara ikiwa tambarare, kila kijiko kinashiba.
Mlima ukiinuka, oili yote inakimbilia nyuma,
na kijiko cha mbele
kinachota upepo.

Bomba bovu la kupulizia dawa mibuni likampa mrija wa shaba,
mwembamba kuliko kidole cha mtoto.
Akatoboa kule nyuma, gurudumu zito linakorusha oili,
akaupitisha ubavuni hadi mbele, penye njaa.
Mara ya kwanza kiungo kilivuja, darajani Karanga.
Daftari: "Leo nimeua zote nne. Nimerudi kwa miguu."
Ukurasa unaofuata hauna kitu, ila alama ya dole gumba, nyeusi.

Kisha Juni, siku ya ukungu. Mwinyipembe kwenye usukani,
babu amelalia madigadi,
spana kaing'ata, ncha nyingine imegusa injini,
akisikiliza kwa meno.
Kona ya kanisa. Kona ya mgomba ulioanguka.
Pale lilipozoea kugonga, meno yakasubiri.
Yakasubiri.

"Maili mia sita. Nimefungua. Ulaji: unene wa uzi wa buibui."
Gulamali alitoza shilingi kumi na tano kila lori; babu akapata mbili,
na hili bati.

Naitia tone moja, nalizungusha kwa kidole.
Nikiinamisha kiganja, linakimbilia nyuma, tabia yake ileile,
nami nauinua mkono kulirudisha.