Baba kwa Siku Tisa

Dirisha namba nne, ukumbi wa mji wa Tsuruoka,
theluji ya Februari imeziba nusu ya kioo.
Shigenobu amevaa koti lake la mazishi,
ndilo pekee lenye vifungo vyote.
Mimi nimeshika fomu
kama mtu aliyebebeshwa yai la jirani.

Karani ni kijana, Oginome, ana mafua.
Anasoma: Mwenye kuasili, miaka sitini na mitatu.
Mwenye kuasiliwa, miaka sitini na mitatu.
Anahesabu kwa vidole chini ya meza, namwona:
tarehe tatu Mei, tarehe kumi na mbili Mei.
Sheria yataka baba amtangulie mwana duniani,
haikusema kwa muda gani.
Siku tisa zinatosha.

Miaka thelathini na mmoja tumekula chungu kimoja.
Nalijua goti lake lipi hutabiri mvua.
Na serikali yatujua:
mkono wake mrefu, kweli,
unafika hadi kwenye pipa letu la taka,
Jumatatu za kuchoma, Alhamisi chupa,
ukikosea unarudishiwa mfuko na karatasi nyekundu.
Lakini ukifika kwenye magodoro yetu mawili,
niliyoyashona yakawa moja,
unaingia ganzi.

Juzi juzi, moyo wake ulipogoma,
muuguzi aliniuliza, wewe nani wake?
Maneno yote niliyo nayo,
nikaokota hilo: rafiki.
Rafiki angoje nje.
Nikangoja saa kumi na moja kando ya mashine ya kahawa ya kopo,
nikamtazama binamu yake wa Osaka,
asiyejua hata kama Shigenobu hula samaki,
akipita mlangoni kwa nguvu ya jina la ukoo.

Kwa hiyo leo.
Ndoa ina mlango wa mbele, watu hupigwa picha pale.
Sisi tumeonyeshwa tundu la paka
na tumeinama, magoti haya haya.
Mashahidi wawili, fomu inasema, watu wazima.
Bi Hosaka wa duka la tatami aligonga muhuri wake,
akasema hongera,
kisha akabaki mdomo wazi,
hongera ya arusi au ya mtoto?
Mumewe akamwaga chai.

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu.
Hawajaona wino wa ofisi.

Oginome anapenga kamasi, anasogea karibu na kioo.
Samahani, anasema. Ni wajibu wangu kuwaeleza.
Waliowahi kuwa baba na mwana hawaoani,
hata wakija kutengua.
Hata... na hapo anatazama mlango,
hata sheria nyingine ikija kubadilika.

Asubuhi, redioni, majaji wa mji fulani
walikuwa wameitaja Katiba na watu kama sisi
katika sentensi moja.
Tuliacha kutafuna ili tusikie.
Wakaingia kwenye bei ya mchele.

Namtazama Shigenobu. Natamani aseme tungoje.
Naogopa atasema tungoje.
Anafungua kikasha cha muhuri, anaupumulia upate joto,
kama alivyozoea kupumulia miwani yangu.
Wao wana karne, ananiambia. Mimi nina moyo wenye kiraka.
Akagonga.
Jina langu la Kuwabara likafia hapo,
bila kelele, kwenye mstari wa tatu.

Aprili moyo uligoma tena.
Wewe nani wake?
Mwanawe.
Ingia, ingia, akasema muuguzi, akanivutia kiti.
Akatutazama, huyu na huyu, vichwa viwili vya mvi.
Mnafanana, akasema.

Chini ya barakoa ya oksijeni
Shigenobu alicheka mpaka mashine ikalia.
Pua, akanong'ona, kairithi kwa mama yake.

Nilikaa usiku kucha, ilivyo haki ya mtoto.
Nikamkata kucha. Zilikuwa ndefu.