Mwaka wa Macho Mekundu

Mizani ya zahanati, hapa Kolhapur,
ina mkono wa shaba na haina haya:
kilo mia moja na kumi na nane.
Mwuguzi anasoma kwa sauti, kama yuko mnadani.

Mimi na dada yangu Sulabha tulikula sahani moja:
mkate wa mtama, dengu,
kitunguu kilichopasuliwa kwa ngumi.
Yeye akabaki ufito. Mimi nikafura.
"Mkono wako mwepesi, Hemant," walicheka mashangazi,
na mama akaanza kunipakulia nusu upawa,
akiinama, nisimwone uso.

Daktari Pawaskar haanzi na mimi, anaanza na kuku.
Kuku waliotiwa virusi, asema,
wakala pishi ileile na wenzao,
wakachinjwa, wakakutwa wamejaa mafuta.
Kisha karatasi: damu yangu ina kingamwili,
nyayo za mgeni aliyeingia zamani.

Mgeni siku mbili.
Huyu, siku ya tatu, hakungoja kupewa jembe,
alilichukua mwenyewe, akalima humu ndani
shamba nisilolijua, na mavuno nikabebeshwa mimi.

"Huenda," asema daktari, kalamu hewani.
"Wapo wembamba wenye alama hizihizi.
Wapo wanene wasio nazo.
Na zile sambusa za stesheni, bwana, usizisahau."
Sizisahau.

Lakini nakumbuka masika ya mwaka wangu wa tisa,
darasa zima macho mekundu,
kope zangu zimegandamana alfajiri,
mama akizilowesha kwa maji ya chumvi, polepole,
akiniimbia nusu wimbo kwa sababu nusu ameisahau.
Sulabha alipelekwa Satara kwa bibi, asiambukizwe.
Aliporudi, kaptula yangu ya shule haikufunga kifungo.

Mama amekufa akiamini kosa ni upawa wake.

"Niandikie hilo neno," namwambia daktari.
"Lipi?"
"Hilo la huenda."
Anacheka, kisha ananitazama, haceki tena.
Ananiandikia, kwa herufi kubwa, anapiga na mhuri.

Napanda mizani mara ya pili, karatasi mfukoni.
Mkono wa shaba unacheza, unatulia palepale.
Mwuguzi safari hii anasoma kimoyomoyo.
Au huenda koo limemkauka tu.