Pingili

Kwenye sinia la nta, maabara ya Masindi,
nyungunyungu amelala kifudifudi,
pini moja mdomoni, nyingine mkiani.
Spiriti ilimmaliza tangu asubuhi.
"Pasueni mgongo," asema mwalimu Kunihira,
"wembe juu juu, utumbo msiuguse."

Kwanza nahesabu. Tisini na nne, tisini na tano,
napotea, narudi mdomoni.
Pingili: neno hili nililijulia kwenye muwa,
fundo hadi fundo, jua la Kinyara kisogoni.

Kila pingili ni chumba chenye kiambaza chake,
figo zake mbili, maji yake,
vinywele vinane vya kung'ang'ania udongo.
Kama kambi yetu ya wakata miwa:
mlango uleule, dirisha lilelile,
na bomba moja linalopita kwa wote.
Bomba ndilo utumbo. Juu yake mshipa wa damu,
chini yake neva, uzi mweupe
mwembamba kuliko ule niliotia kwenye kola.

Mapafu hana. Huvuta hewa kwa ngozi,
kwa hiyo kukauka kwake ni kukabwa.
Jicho hana.
Jino hana, ana firigisi,
na nilipoitumbua nikakuta ndani
chembe tatu za mchanga mwekundu,
kazi ya jana, haijaisha.
Mioyo, jozi tano.
Nyangoma akaguna: "Mimi huu mmoja wanitesa."

Na ule mshipi mnene karibu na shingo
ndio unaofuma kifuko cha mayai.
Ni dume, ni jike; hakuna wa kumdai ng'ombe.

Jioni nikamsimulia baba, naye ananoa panga.
Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto,
kimebaki na pingili moja.
Mbili alizisahau shambani, mwaka wa mvua nyingi;
kampuni ilitoa bendeji.

"Huyo mdudu, Atwooki, akikatwa huota?"

Mkia, nikasema, pengine.
Ukikata karibu na kichwa, basi.
Na wanaosema hugeuka wawili, waongo.

Akauinua mkono, akautazama
kama mtu asomaye saa iliyosimama.
"Kumbe mimi nilikatwa upande mbaya."
Akacheka peke yake. Jiwe likaendelea kulia juu ya chuma.
Kisha akavunja muwa penye fundo,
akanipa kipande cha chini,
chenye sukari, chenye udongo bado.