Chupa Moja, Nafaka

Mwisho wa mwezi mimi huhesabu chupa,
ghala la hoteli, Milimani, Kisumu,
kalamu sikioni, tochi mdomoni,
maana umeme wetu hauombi radhi.
Wiski za moshi, kumi na moja. Hizo zina wenyewe:
mawakili, madaktari, wachumba wanaotaka kuonekana.
Huzinusa wamekunja uso, wakasema “naam,”
kama mtu aliyeingiza pua jikoni kwa mkaa mbichi
akaambiwa hiyo ndiyo harufu ya pesa.

Nyuma yao, mabega yamejaa vumbi, moja.
Miaka minne naiandika: moja.
Januari moja. Agosti moja.
Ya Skotlandi pia, ila haina moshi wala mashairi,
na lebo yake imesema kwa herufi ndogo,
kama mgeni anayetaja kwao akitazama chini,
nafaka.

Aliyeifungua ni Bwana Wepukhulu wa Kitale,
mkaguzi wa mbegu, kastaafu, kifua kibovu.
“Nipe isiyo na moshi,” akasema,
“vumbi la maghala nililovuta linanitosha.”
Akanusa. Akanusa tena. Akaweka glasi mezani
taratibu, kama anayelaza mtoto.
“Dada, haya ni mahindi.”

Akanieleza: hii hupikwa kwa wingi,
kisha humiminwa ndani ya zile zenye majina
ili zipite kooni bila ugomvi.
“Mpishi wa harusi,” akasema.
“Picha zikipigwa, yuko nyuma anasugua sufuria.”
Akanisogezea tone.

Mwanzoni sikupata kitu. Nilitaka hata kumcheka.
Halafu likaja hindi bichi, ganda limechunwa sasa hivi,
nywele zake zinanata vidoleni;
likaja guru la Muhoroni, lile la pembeni lililoungua kidogo;
likaja, sijui kutoka wapi, kipande cha nazi
nilichonunuliwa sokoni Bungoma nikiwa na miaka minane
nikakifyonza mpaka nyumbani.
Bwana Wepukhulu alikuwa anazungumza.
Mimi sikuwepo.

Nilikuwa Kimilili, kijitoni, chini ya migomba,
pipa linachemka, bomba limepita kwenye maji baridi,
na mama yangu Nasambu amechuchumaa
akisikiliza matone kama anayesikiliza mlango.
Yake haikuwahi kulala hata usiku mmoja.
Ilizaliwa alfajiri; saa nne ilikuwa ada ya shule.
Siku askari wa chifu walipoimwaga,
nyasi za pale zilikauka mwaka mzima,
nami nilikaa nyumbani muhula mzima.

Hii imelala miaka ishirini na sita.
Pipa la mwaloni, mvua nje, hakuna wa kuiamsha.

Hesabu za usiku ule nilizikosea mara tatu.
Nikailipia chupa kwa mshahara, miezi mitano,
meneja akiniuliza kama nimeolewa na mlevi.
Sikujibu. Mtu akipenda hujibu nini?
Nilikuwa nikifika nyumbani Nyalenda, navua viatu,
namimina kiasi cha kifuniko, nazima taa.
Sinywi. Naisubiri kwanza inizoee.

Desemba nikampelekea mama.
Macho yake sasa yana ukungu, pua bado ni ileile.
Akaimwagia kiganjani, akasugua, akanusa,
akaonja kwa ncha ya ulimi kama chumvi ya mboga.
“Mahindi yalikauka vizuri,” akasema.
“Na huyu mpishi hana haraka. Ni nani?”
Watu wa ng’ambo, mama. Kwenye baridi.
“Wanapikia wapi, mtoni?”
Kwenye jumba kubwa, mama. Lina kufuli.
Akanyamaza, akageuza kifuniko vidoleni.
“Na serikali?”
Ndiyo inayoshika ufunguo, mama. Isiibwe.

Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani,
kuku wakatawanyika uani.
Kisha akanyoosha mkono wenye kifuniko,
hakusema kitu,
akiusikiliza mlango.