Mimi Simo

Miaka thelathini na tisa nimekaa gizani,
kitabu magotini, tochi ndogo mkononi.
Kazi yangu kunong'ona:
mwigizaji akikwama namtupia neno
kama atupiwavyo kamba aliyetumbukia kisimani.
Avril Bickerdike hakunihitaji hata siku moja.
Ila moja. Au hivyo nilidhani.

Alizaliwa Grimsby, nyuma ya duka la samaki na chipsi.
Baba yake alimwita Bata kwa mwendo wake,
na bata akaukubali mwendo, akaufanya mtaji.

Alianza na mstari mmoja tu:
"Chai iko tayari, bibi."
Ilikuwa Scarborough, kiangazi cha mvua, ukumbi nusu mtupu,
makoti yaliyolowa yakifuka mvuke vitini.
Akaingia na sinia, kisigino kikanasa zuliani:
vikombe sita, birika, maziwa,
na yeye mwenyewe mapajani mwa kanali.
Kimya.
Kisha mama mmoja, safu ya tatu, akapasuka,
na kicheko kikapanda ngazi hadi roshani
kama moto uliopata nyasi.
Avril akainuka, akajifuta maziwa puani:
"Chai ilikuwa tayari, bibi."

Mkurugenzi akamfuata nyuma ya pazia, sigara ikimtetemeka:
"Kesho uanguke tena."

Akaanguka viangazi kumi na kimoja.
Bridlington, Cleethorpes, Morecambe,
mara mbili kila Jumamosi.
Wapo wasemao kuanguka si kazi.
Mimi niliyemfunga bandeji magotini nawaambia ni hesabu:
nyonga itangulie, kiwiko kifuate,
pumzi uibane,
na sinia, sinia lilie mwisho.

Ndipo televisheni ikamwita.
Wakampa rola za nywele, pazia la wavu, dirisha,
na jirani wa kuchungulia.
Aone yote, aeneze yote, kisha ainue mikono:
"Mimi simo!"
Miaka minane. Nchi nzima ikamwita Simo.
Buchani, muuza nyama akimpimia figo: "Humo, eeh?"
Kwa daktari wa meno, mdomo wazi, hawezi kujibu: "Humo?"

Siku tulipomzika mumewe Cedric, kwenye kilima chenye upepo,
mchimba kaburi, maskini, wala hakukusudia ubaya,
alivua kofia, akamnong'oneza yaleyale.
Avril akamtazama. Akalitazama shimo.
"Mimi simo," akasema. "Yumo Cedric."
Nilicheka hadi nikashika jiwe la kaburi la mtu mwingine.
Yeye hakucheka.

Akiwa na sabini na moja, Leeds ikamtaka kwa msiba:
mama afuaye shati la mwanawe aliyeletwa ndani ya bendera.
Watu walinunua tiketi za kucheka.
Alipoingia, wakacheka.
Alipotua ndoo, wakacheka ndoo.
Usiku wa nne akalitoa shati majini, akaanza,
"Damu haitoki kwa..."
akanyamaza.

Nikahesabu tatu. Nikanong'ona: maji ya moto.
Hakuitika.
Maji ya moto, Avril!
Akageuza shingo kidogo, upana wa kidole,
na gizani nililokaa jicho lake likanipata.
Hakusahau. Alikuwa anangoja.
Alikingoja kicheko cha mwisho, kule juu nyuma,
kijana mmoja hivi mwenye kikohozi,
apite, kama ungojavyo gari la taka lipite ndipo uvuke.
Kikapita.
Shati likadondosha tone. Tukalisikia.
"...kwa maji ya moto," akasema.

Baadaye, kituo cha basi, chipsi gazetini, siki imezidi,
goti lake la kushoto juu ya begi langu.
Nilikuwa na maneno makubwa nimeyaandaa,
lakini yeye alinitangulia:
"Lionel, ulinong'ona mara mbili."
"Ndiyo."
"Safu nzima ya mbele ilikusikia."
Akachagua kipande kilichoungua,
anavyovipenda, akakitafuna.
"Basi usijali," akasema. "Kesho nong'ona tena."