Zidaka za Samaki

Kioo kilikuja na boti ya mizigo, futi nne kwa mbili,
kimeviringwa blanketi. Kombo Shee alikipandisha kutoka gatini
kwa mkokoteni, akiapa njia nzima
kwamba hajawahi kubeba dirisha lisilo na nyumba.

Tima akauliza: "Bahari i mlangoni,
wewe waiunda sebuleni?"
Sikumjibu. Nilikuwa napima mgongo wa kioo,
upande utakaoegemea ukuta.
Mgongo mtupu ni aibu:
waona waya, waona mpira wa pampu,
samaki naye hana pa kujificha na macho ya wageni.

Mwamba wa kweli siugusi.
Babu aliukata kwa shoka, maji yakitoka,
na nyumba hii nzima ni deni lake.

Nikaokota maboksi meupe ya barafu
nyuma ya soko, bado yananuka changu.
Nikayaosha, nikayavunja,
nikapasha kisu cha mkate juu ya meko
nikachonga: pango, ufa, kibaraza cha kaa.
Punje zikajaa nyumba nzima,
zikaingia kwenye uji, kwenye nywele za Maka
aliyeziita mvua isiyolowesha.

Kisha saruji, mchanga nilioufua mara saba,
na chumvi ya mawe, konzi mbili,
ili ikiyeyuka iache matundu
kama ya jiwe lililotafunwa na mawimbi.

Mikono yangu ni ya chokaa.
Miaka ishirini na miwili natengeneza zidaka za Mkomani,
ua, mnyororo, ukingo,
kila kidaka pacha wa mwenzake.
Mwamba hautaki upacha.
Kila nikijisahau, pango la kushoto
lamwiga la kulia.
Maka akaja na kijiko cha chai
akalichokoa la kulia mpaka likapinda mdomo.
"Hapo sasa," akasema, akaenda chuoni.

Nikagandisha kwa silikoni. Siku mbili. Nikatia maji.
Saa nane usiku, kishindo.
Nikawasha taa: mwamba wangu uko juu ya maji,
umelala chali,
unaelea kama mgeni aliyeshiba.
Chombo cha kuzama hakina usukani, wasema;
cha kuelea nacho hakisikii la mtu.
Tima alicheka hadi akashika ukuta.

Na pale aliposhika, chokaa ikabanduka,
kipande cha ukubwa wa sahani.

Nikaanza upya. Silikoni mgongo mzima, si vitone;
matofali yakaukandamiza siku tano.
Halafu kungoja. Saruji ni kali,
maji yake hugeuza karatasi ya kupimia kuwa zambarau.
Wiki sita nilimwaga na kujaza, ndoo kwa ndoo,
nikimkumbuka bibi na birika lake,
na vile visamaki alivyovifuga wale viluwiluwi vya mbu,
na bakuli la kichina chini, limepasuka,
ambalo ndilo lililokuwa mwamba wao.
Hakuna aliyemuuliza bibi anaunda nini.

Karatasi ilipotulia, Famau akaleta kitatange mdogo,
amekwama kwenye dimbwi, ndani ya kopo la maziwa.
Akazunguka. Akayapita mapango yangu yote,
yale niliyoyapiga msasa kwa kidole,
akaingia pale penye mdomo uliopinda.
Maka hakusema kitu. Alisimama tu, mikono kiunoni.

Kisha akageuka, akatia kidole ukutani,
pale chokaa ilipobanduka.
"Baba, hata huku upo."
Nikasogeza taa. Kweli:
mistari inayojikunjakunja, nyota ndogo ndogo,
jiwe lililokuwa hai kabla ya babu kushika shoka,
limekauka, linatazamana na povu langu,
kati yao vidole vinne vya hewa.

Mimi ndiye fundi wa mtaa huu,
na kile kipande sijakiziba.
Tima ananikumbusha kila Ijumaa.