Mrututu

Pipa lilikuwa la plastiki, kwa sababu mrututu hula bati.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma:
chokaa huku, mawe ya buluu kule,
na baba akikoroga kwa mti wa mgrevilea
mpaka maji yawe rangi ya joho la Bikira Maria kanisani.
Kisha bomba mgongoni, tsii, tsii,
mbuni kwa mbuni, mstari kwa mstari,
kutu ya majani isije, chulebuni isije,
ushirika umekopesha, ushirika utakata.
Miaka thelathini na mmoja.
Jioni alijipangusa mikono kwa jani la mgomba
na jani tukampa ng'ombe.

Hakuna aliyeuliza shaba inakwenda wapi.
Mvua huondoka. Bei huondoka.
Shaba haina miguu.

Mwaka huu mama kapanda maharage chini ya mibuni,
hapa Uru, juu kidogo ya mfongo.
Yakaota manjano, mishipa tu imebaki kijani,
kama ramani ya mito ya nchi nisiyoijua.
Nikang'oa mche mmoja. Mzizi mfupi, mnene, umejikunyata,
ncha nyeusi kama utambi uliozimwa kwa vidole.

Nikashuka Moshi na udongo kwenye mfuko wa sukari.
Maabara, Ndewirwa, niliyesoma naye, akaupima,
akanyamaza, akaupima tena.
"Huu ukiuyeyusha," akasema, "unapata waya wa umeme."
Alikuwa anatania. Kidogo.

Ni yeye aliyenieleza: mmea hauna pa kukimbilia,
basi vita huanzia mlangoni.
Mzizi hutema uchachu mwembamba udongoni
uikamate shaba kabla haijabisha hodi.
Inayopenya hubanwa ukutani mwa seli.
Inayopenya tena hutiwa pingu, nyuzi fupi zenye salfa
zilizosukwa usiku uleule, kwa dharura,
ikasukumwa stoo ya ndani kabisa, mlango ukakomewa.
Ikizidi, jani kuukuu hupakiwa mzigo
na kuachwa lidondoke.

"Bure?" nikauliza.
"Bure wapi. Kila pingu ni chakula ambacho hakikuwa ua.
Ndiyo maana mstahimilivu hudumaa."

Baba yangu Gaudensi ni mrefu, huinama mlangoni,
lakini nilimfikiria yeye.
Daktari wa KCMC aliinua picha ya kifua chake dirishani,
akauliza, mzee ulifanya kazi gani.
"Mkulima," akajibu, na neno likaishia hapo,
limekomewa ndani,
pamoja na deni la ushirika,
pamoja na jina la kaka aliyekwenda Mererani asirudi.

Katikati ya maharage yaliyofifia kuna kongwa,
imetambaa, imenona, haina habari.
Ua lake la buluu. Si mrututu ule, Ndewirwa alisisitiza,
ni ua tu, lilikuwa hivyo kabla kahawa haijapanda mlima huu.
Ila majani yake yamebeba kile kilichoyashinda maharage.
Ng'oa, alisema, ng'oa kila msimu,
tia samadi, tia chokaa,
na wajukuu huenda wakavuna.
Hiyo "huenda" aliitamka polepole.

Nimeng'oa tangu asubuhi.
Baba yuko kwenye kigoda, anahesabu mafungu,
anakohoa, anasahau, anaanza upya moja.
Mama anaita: hayo majani mazuri, mpelekee ng'ombe!
Siwezi kumpa ng'ombe.
Nikichoma, majivu yatarudi shambani.
Mfongo unakwenda kwa jirani.

Nimesimama penye masale ya mpaka
na fungu zima kifuani, bado bichi, bado linachanua,
sijui pa kulitua.